Wati 12,000 kwenye fyuzi ya ampea 3: tathmini ya amplifaya za Luthuli

Kabla ya kusoma namba kubwa ya wati iliyo usoni mwa wufa, igeuze uangalie mkia wake. Waya wa stima wa wufa nyingi zinazopangwa mlangoni mwa maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, una unene wa milimita za mraba 0.75 au chini ya hapo. Ukibahatika kupata plagi ya pini tatu, ifungue: fyuzi ya ampea 3 ni ya kawaida humo. Stima yetu ni volti 240. Tatu mara 240 ni 720. Wati zinazoweza kupita hapo mfululizo bila fyuzi kulalamika ni hizo 720, na sanduku linasema 12,000.

Kwa kulinganisha, shawa ya umeme ya bafuni, ile inayofifisha taa za nyumba nzima, hula wati 5,000 hivi. Fundi huivutia waya wake yenyewe wa milimita 4 au 6 na kuiwekea swichi yake. Sanduku la wufa linadai kuzidi shawa mbili zikiwaka pamoja, kisha linachomekwa kwenye ekstensheni moja na chaja ya simu.

Hapa hatutaji chapa, kwa kuwa bodi ileile huuzwa ikiwa na majina matatu tofauti duka hadi duka, na bei ya Luthuli ni maelewano. Tunazipima bidhaa kwa aina: wufa za sebuleni, redio na amplifaya za gari, vibodi vidogo vya klasi D (vinavyowasha na kuzima umeme kwa kasi, hivyo hupoteza kidogo kwa joto), amplifaya za mikutano, na hi-fi za mitumba. Kipimo ni kimoja kwa zote. Wati za spika lazima ziingie kwanza kupitia waya wa stima au betri, kwa hiyo huanzia huko nyuma, na nyingine hupotelea njiani zikiwa joto.

Ile namba ya sanduku mara nyingi hufuatwa na herufi PMPO, yaani "nguvu ya kilele ya muziki". Hakuna kiwango kinachosema PMPO ipimwe vipi, na ndiyo maana kiwanda kimoja kinaweza kuandika 3,000 na jirani yake akaandika 15,000 kwa chombo kilekile. Wati yenye maana huja na wenzake watano: omu za spika (upinzani wake), kiasi cha upotovu wa sauti kwa asilimia, masafa ya sauti (Hz) iliyopimiwa, idadi ya chaneli zilizokuwa zikifanya kazi kwa pamoja, na muda. Ondoa mmoja tu na namba inaanza kunyooka kama mpira. Kwa mfano, amplifaya inayotoa wati 40 ikiwa na upotovu wa asilimia 1 itatoa karibu 50 ukiiruhusu kufika asilimia 10, na hapo sauti inakwaruza wazi. Pima kwa Hz 1,000 pekee badala ya Hz 20 hadi 20,000, endesha chaneli moja huku nyingine zimelala, weka omu 4 badala ya 8, na namba inapanda tena bila mtu kuongeza hata skrubu.

Marekani iliona mchezo huu mapema. Tume yao ya biashara, FTC, iliweka sheria ya amplifaya za nyumbani mwaka 1974. Mwaka 2024 ikaikaza: anayetangaza wati sharti apime kwa omu 8, Hz 20 hadi 20,000, upotovu usiofika asilimia 1, baada ya kuipasha amplifaya moto kwa saa nzima ikiwa kwenye sehemu moja ya nane ya nguvu yake. Sheria hiyo haifiki River Road, lakini ina faida kwa mnunuzi wa Nairobi. Kama modeli unayoitaka inauzwa Marekani pia, tafuta karatasi yake ya huko. Utaona ile "100W kwa chaneli" ya sanduku la huku ikishuka, na wenzake watano wakijitokeza.

Sasa wufa yenyewe, ile ya spika mbili ndogo na besi moja. Hii ndiyo bidhaa inayouzwa zaidi na ndiyo inayotia chumvi zaidi. Chomoa waya, ngoja dakika tano kapasita zitulie, fungua skrubu za nyuma na utazame mambo matatu.

La kwanza ni chipu. Nyingi zina TDA2030A, chipu ya miguu mitano iliyofungwa kwenye kipande cha alumini. Karatasi ya kiwanda cha ST inasema TDA2030A moja hutoa wati 18 kwenye omu 4, au 12 kwenye omu 8, ikilishwa volti 16 chanya na 16 hasi. Mbili zikiunganishwa kwa daraja, kila moja ikisukuma upande wake wa spika, ili kuendesha besi hutoa wati 34 kwenye omu 8. Basi wufa yenye chipu nne, mbili za besi na moja kwa kila spika ndogo ya omu 8, inafika 34 jumlisha 12 jumlisha 12: wati 58 kila kitu kikienda sawa. Sanduku la 12,000 limezidisha mara 200 na zaidi.

La pili ni kapasita kubwa mbili za umeme, zile mikebe iliyosimama karibu na transfoma. Zimeandikwa volti. Hakuna kiwanda kinachoweka kapasita ya volti 25 mahali penye volti 30, maana ingevimba na kupasuka. Kwa hiyo volti ya kapasita ni paa la nyumba: volti halisi za ndani ziko chini yake. Ukiona 25V, kadiria 18 chanya na 18 hasi. Toa volti 3 zinazobaki ndani ya chipu, unabaki na 15. Zidisha 15 kwa 15, gawanya kwa omu mara mbili. Kwa omu 4 ni 225 kugawanya kwa 8, yaani wati 28 kwa chaneli, na hapo chipu yenyewe isilegee. Kapasita za 50V kwa kawaida hukaa kwenye volti 35 hadi 42. Hata tukiipa 42 nzima bila kutoa chochote, omu 8 haiwezi kupata zaidi ya wati 110. Hesabu hii inafanya kazi kwenye amplifaya yoyote ya klasi AB (aina ya kawaida, ile inayochemka) yenye transfoma na isiyounganishwa kwa daraja, na ukiizoea utaifanya ukiwa umesimama dukani na tochi ya simu.

La tatu ni transfoma. Mafundi wa kusuka transfoma wana kanuni ya zamani: eneo la kiini kwa sentimita za mraba ni 1.2 mara kipeuo cha pili cha nguvu yake. Ukiigeuza, pima upana wa ulimi wa katikati wa vile vibati na unene wa rundo lake. Ulimi wa sentimita 2.2 na rundo la sentimita 3 ni 6.6. Gawanya kwa 1.2 upate 5.5, ijizidishe yenyewe: 30. Hiyo ni transfoma ya VA 30, yaani wati 30 hivi. Ukiisukuma zaidi kwa muda mrefu inachemka, vanishi inanuka, na nyuzi zake, ambazo siku hizi mara nyingi ni alumini iliyopakwa rangi ya shaba, hukatika mahali paliposolderiwa. Ndiyo hitilafu ya wufa inayokufa kimya bila fyuzi kuungua.

Hukumu ya wufa hizi: kwa chumba kimoja Kayole au Kahawa zinatosha, na nyingine zinasikika vizuri kuliko zinavyostahili. Ubaya uko kwa anayelinganisha "8,000W" na "12,000W" na kulipa zaidi kwa ya pili. Analipia wino.

Bamba la nyuma lina namba nyingine, ndogo na ya aibu: "Power consumption 60W". Wengi huikimbilia na kusema huo ndio ukweli. Karibu, ila si kabisa. Viwango vya usalama huruhusu namba hiyo kupimwa amplifaya ikitoa sehemu moja ya nane tu ya nguvu yake, kwa kuwa muziki wa kawaida huwa na vilele vifupi na mabonde marefu. Amplifaya ya klasi AB ya wati 50 mara mbili, ikipimwa hivyo, inaweza kuandikwa wati 70 au 80 na isiwe imedanganya mtu. Kwa hiyo tumia bamba hivi: kwa klasi AB, namba ya nyuma na jumla ya wati halisi hukaribiana. Zikipishana kidogo, sawa. Zikipishana mara kumi, rudisha sanduku mahali pake.

Kama una wufa nyumbani tayari, mita ya tokeni itakuambia mengi bure. Usoni mwake pana taa nyekundu inayomweka na maandishi ya imp/kWh, mara nyingi 1000. Kwa mita ya 1000 kila mmweko ni wati-saa moja. Zima friji, taa na kila kitu, hakikisha mita imenyamaza. Washa wufa, weka muziki wenye besi nyingi, pandisha hadi karibu ianze kukwaruza. Hesabu mimweko kwa dakika 6, zidisha kwa 10. Mimweko 6 ni wati 60. Kama mita yako imeandikwa 1600, zidisha kwa 6.25 badala ya 10. Wapangaji ambao mita yao iko kwenye nguzo au kwenye kabati la ngazi watahitaji mtu wa pili mwenye simu. Kipimo hiki hukupa wastani wa kinachoingia, na kinachotoka hakiwezi kukizidi.

Anayetaka kipimo cha kweli cha kinachotoka atahitaji mzigo bandia (rezista zinazokaa mahali pa spika), multimita na simu. Nunua rezista nne za saruji za omu 8, wati 25 kila moja. Unganisha mbili mfululizo, nyingine mbili mfululizo, kisha jozi hizo sambamba: unapata omu 8 za wati 100. Ukitaka omu 4, nunua nne za omu 4 na uziunge vilevile. Pima omu kwa multimita, lakini gusanisha ncha zake kwanza na utoe kile inachosoma, kwani mita za bei nafuu huongeza omu 0.3 hadi 0.5 za waya zake. Rezista zitumbukize kwenye ndoo ya maji kabla ya kuwasha. Ukizitumbukiza zikiwa moto zinapasuka.

Chomeka simu kwa waya wa AUX. Bluetooth ya vibodi vingi hupunguza sauti yenyewe na itakuharibia hesabu. Pakua programu ya kutoa toni na uweke Hz 60 kwa besi. Hz 50 iache, inachanganyika na mvumo wa stima. Spika ndogo zinazochujwa besi zipime kwa Hz 300. Usipande juu zaidi ya Hz 400, kwa sababu mita za aina ya DT9205A hazisomi volti za AC kwa uhakika kupita hapo, na wengi hupimia Hz 1,000 kisha wakashangaa kwa nini amplifaya yao ni dhaifu.

Mpaka wa kukwaruza utaujua bila osiloskopu, kile chombo cha kuchora mawimbi. Weka toni kwenye nusu ya ukubwa katika programu, soma volti. Ipeleke kwenye ukubwa kamili: volti lazima ziwe mara mbili. Zikiwa mara mbili, ongeza sauti ya amplifaya kidogo na urudie. Siku ya kwanza 6 ikizaa 10 badala ya 12, wimbi limeanza kukatwa kichwa. Rudi nyuma nukta moja, na hapo ndipo usome volti za mwisho. Zijizidishe zenyewe, gawanya kwa omu. Kwenye omu 8, volti 12.6 ni wati 20, volti 20 ni wati 50, volti 28.3 ni wati 100. Kwa faida ya mjadala: wati 12,000 kwenye spika ya omu 4 zingehitaji volti 219 kwenye vituo vya spika, yaani ungeweza kuchomeka aini hapo ukapiga pasi.

Tahadhari mbili. Ukiendelea kupima baada ya wimbi kukatwa, mita hizi hupitiliza: wimbi likiwa mraba kabisa husoma volti kwa asilimia 11 zaidi, na wati kwa asilimia 23. Video nyingi za "nimepata wati 150" zimezaliwa humo. Ya pili, kwenye amplifaya za daraja, ambazo ni karibu redio zote za gari na vibodi vingi vya klasi D, waya hasi wa spika si ardhi ya chasi, una umeme wake. Ukiunganisha hasi za chaneli mbili, au ukibana klipu ya osiloskopu pale, umeunguza chipu kabla ya kuandika namba ya kwanza. Na usikae kwenye nguvu kamili zaidi ya nusu dakika kwa mara moja.

Tukienda Kirinyaga Road na Ngara, kwenye vyombo vya gari, uongo hubadilisha nguo. Karibu kila redio ya gari imeandikwa "4 x 50W". Namba hiyo ina asili yake. Gari likiwa linanguruma lina volti 14.4. Chipu ya daraja ikipeleka volti hizo zote kwa spika ya omu 4 bila kupoteza hata nusu, na wimbi likiwa mraba kabisa, 14.4 mara 14.4 kugawanya kwa 4 ni 51.8. Ndiyo hiyo 50. Wimbi safi la sauti hupata nusu yake, karibu 26, kabla ya hasara za chipu. Karatasi ya TDA7850, chipu inayopatikana kwenye redio nyingi nzuri, inaandika mambo yote mawili bila kuficha: wati 50 za juu kabisa, na wati 30 kwa upotovu wa asilimia 10. Sasa tazama fyuzi nyuma ya redio: ampea 10. Mara 14.4 ni wati 144 zinazoingia, wakati uso unaahidi 200 zinazotoka. Kwa muziki msafi, hesabu wati 18 hadi 20 kwa mlango na hutajuta.

Amplifaya za besi za gari, zile "3000W" na "5000W", zina fyuzi za rangi zilizochomekwa ubavuni. Jumlisha ampea. Fyuzi mbili za 30 ni ampea 60, mara 14.4 ni wati 864 zinazoingia. Kama ni klasi D, chukua asilimia 80: wati 690 hivi. Kama ni klasi AB, chukua 60: wati 500 na kitu. Hilo ni paa, si ahadi. Kiwanda kinaweza kuweka fyuzi kubwa kwenye bodi ndogo, na ukifungua baadhi ya hayo mabati marefu yenye mapezi utakuta bodi inaishia nusu, upande wa pili ni hewa. Wati 3,000 za kweli zingevuta ampea 260. Alternata ya gari dogo kama Vitz au Probox hutoa kama 70 hadi 100, na injini, taa na feni zimeshachukua fungu lao. Ndiyo maana taa za mbele zinapiga makofi na besi.

Viwanda vinavyojiheshimu huandika CTA-2006, zamani CEA-2006: volti 14.4, omu 4, upotovu asilimia 1. Ukiiona nembo hiyo, namba iliyo karibu nayo ndiyo ya kununulia. Nyingine zote soma kwa kufurahi tu. Na waya usikufuje pesa mara ya pili: kifurushi cha waya mnene kilichoandikwa "4 gauge" mara nyingi ni plastiki nene na alumini yenye ngozi ya shaba, ambayo upinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba tupu. Kwaruza uzi mmoja kwa wembe. Ukiwa mweupe ndani, umenunua alumini. Fyuzi kuu ikae ndani ya sentimita 45 kutoka kwa betri, kwa sababu kinachounguza matatu ni waya usio na fyuzi unaochubuka kwenye bati, amplifaya mara nyingi haina hatia.

Vibodi vidogo vya klasi D ndivyo pesa bora zaidi Luthuli kwa sasa, kwa masharti. Vingi vina TPA3116D2 ya Texas Instruments. Wati 50 mara mbili zilizoandikwa ni za kweli kwenye karatasi: omu 4, volti 21, na upotovu wa asilimia 10. Wati 100 za chipu hiyohiyo ni za mono (chaneli moja), omu 2. Muuzaji anakupa adapta ya volti 12. Fanya hesabu yetu: 12 mara 12 kugawanya kwa 8 ni wati 18, bila kutoa hasara. Wateja wengi hulaumu kibodi hapa, na kosa ni la adapta. Chukua chaja ya laptopu ya volti 19, ampea 4.74, inayotoa wati 90: kibodi kitatoa karibu 40 kwa chaneli kwenye omu 4, au 20 na ushee kwenye omu 8. Ukitaka volti 24, tazama kwanza kapasita zake. Zikiandikwa 25V, achana na wazo hilo, au zibadilishe kwa za 35V.

Amplifaya za mikutano na harusi hatutazikawiza. Hesabu jozi za tranzista kwenye hitisinki, lile bati la kupoza joto. Jozi moja ya C5200 na A1943 ichukulie kama wati 100 kwenye omu 8. Karatasi ya Toshiba inasema kila moja humudu wati 150 za joto, lakini ni mwili wake ukiwa nyuzi 25, na chini ya hema saa saba mchana hitisinki ikifika 75 zinabaki 90. "2000W" yenye jozi nne kila upande ni wati 400 kila upande, na transfoma ikubali. Shida kubwa ya soko hili ni C5200 bandia. Ukinunua za kubadilisha, nunua moja zaidi na uivunje kwa jiliwa: kipande cha silikoni kikiwa kidogo kama punje ya mchele iliyokatwa katikati, zilizobaki zitaungua usiku wa kwanza. Muuzaji anayekataa uzivunje zake mbele yake amekujibu tayari.

Kabla ya kuongeza wati, uliza spika. Kuongeza wati maradufu huongeza desibeli 3 tu, tofauti ndogo kwa sikio muziki ukiendelea. Spika ya desibeli 92 (sauti inayotoa kwa wati moja, ukiwa mita moja) ukiweka badala ya 86 umefanya kazi ya kuzidisha wati mara nne. Pesa ya kutoka "50W" hadi "100W" iweke kwenye spika. Na usidhani amplifaya ndogo ni salama kwa twita, ile spika ndogo ya sauti kali: ya wati 50 ikisukumwa hadi mawimbi yawe mraba inaweza kutoa hadi 100, mfululizo, bila yale mabonde ya kupumzika. Twita nyingi huungulia hapo.

Zimebaki hi-fi za mitumba, zile za Kijapani na za Uingereza zenye vumbi. NAD 3020 ya mwisho wa miaka ya 1970 iliandikwa wati 20 kwa chaneli na ikajengewa jina kwa kusukuma spika zilizozishinda amplifaya zenye namba kubwa. Ya umri huo ukiipata nzima, badilisha kapasita kubwa, safisha potenshomita (vifundo vya sauti), na utakuwa na amplifaya ambayo namba yake ya usoni inaweza kupimwa. Ila tazama bamba la nyuma kabla ya kulipa. Zilizotoka Japani moja kwa moja zimeandikwa AC 100V. Ukizichomeka ukutani hapa, kwa volti 240, fyuzi hulipuka ukiwa na bahati na transfoma ukiwa huna. Ulizia kama ina swichi ya kuchagua volti. Kama haina, ongeza kwenye bei transfoma ya kushusha 240 hadi 100, ya VA 300 au zaidi. Ya VA 300 yenye kiini cha mviringo ina uzito wa kilo 2.5 hadi 3. Ikija nyepesi kama kopo la maziwa, umerudi mwanzo wa hadithi.

Dukani, mwombe muuzaji aandike kwenye risiti: wati ngapi, omu ngapi, RMS (wati za mfululizo, si za kilele). Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inahesabu kuwa udanganyifu kuuza bidhaa kwa sifa za utendaji isizokuwa nazo, na risiti yenye namba ndiyo itakayokusaidia ukirudi. Stika ya ubora wa KEBS, shirika la viwango la Kenya, usiisome kama cheti cha wati. Muuzaji akisema "mkubwa, hiyo ya RMS siijui, lakini hii inatingisha nyumba," mwombe bisibisi.